Kiwanda cha Hasara

Wiki jana nilimwacha mkaguzi wetu wa kodi mbele ya kamati ya bunge, kidole kwenye kitufe cha kipaza sauti, mdomo wazi, macho mlangoni. Baadhi yenu mmepiga simu gazetini kunigombeza kwa kuikata hadithi pale pale. Mnataka kujua aliyekuwa anaingia ni nani. Haya, siwanyimi tena.

Alikuwa kaka yake. Baba mmoja, mama mmoja.

Si kaka wa mtaani wala binamu wa kuungaunga. Ni yule kaka aliyemlipia ada ya shule, akamtafutia kazi katika ofisi ya kodi alikokuwa akifanya kazi yeye mwenyewe, akamfundisha kusoma hesabu za kampuni kuanzia ukurasa wa nyuma, kwa sababu huko ndiko watu wanakoficha mambo. Siku hizo alikuwa na koti moja la kahawia. Leo alivaa suti iliyomkaa sawasawa, na kifuani alibandikwa kitambulisho cha mgeni: mshauri wa kodi, kiwanda cha sabuni.

Kwa uliyeazima gazeti la jirani leo kwa mara ya kwanza, nakueleza kwa ufupi, halafu ununue la kwako.

Mkaguzi wetu ni mama wa watoto wawili, mpole nyumbani, msumbufu kazini. Ofisini wanamwita Chujio, kwa kuwa hakuna kinachopita kwake bila kuacha makapi. Kwa muda mrefu sasa amekuwa akikifuatilia kiwanda kikubwa cha sabuni, mali ya kampuni ya ng'ambo yenye matawi kila pembe. Sabuni yao imo katika kila bafu la nchi. Lakini kila mwaka kiwanda kinaandika hasara. Hasara tangu siku ya kwanza, na kila mwaka wanaongeza mashine.

Ujanja wao ni mwepesi, na ndiyo maana unaudhi. Jina la sabuni si mali ya kiwanda. Ni mali ya kampuni dada iliyosajiliwa kwenye kisiwa cha mbali, kampuni isiyo na mfanyakazi hata mmoja wala kiti cha kukalia. Ina sanduku la posta. Kiwanda kinalilipa sanduku hilo ada ya kutumia jina, na kwa maajabu ya Mungu ada hiyo hulingana na faida yote. Kisiwani hakuna kodi. Huku inabaki hasara.

Sasa kuna muswada, na ndani yake kifungu kimoja kinachoipa ofisi ya kodi nguvu ya kuikataa ada ya namna hiyo. Kikipita, kiwanda kitalipa kama wanavyolipa wengine. Kikifutwa, kazi yote ya Chujio inakwenda kulala kabatini. Kamati inapiga kura leo. Na aliyekuja kukiua kifungu ni kaka yake.

Tuendelee.

Mwenyekiti wa kamati, mzee wa sauti ya upole ambaye hajawahi kumkatiza mtu, alimwonyesha mgeni kiti. Kaka mtu alikula kiapo. Akarekebisha tai. Hakumtazama dada yake.

Alizungumza vizuri, na hilo ndilo lililomuuma Chujio zaidi. Aliwaeleza wajumbe habari za wafanyakazi, familia zao, shule iliyopakwa rangi na kiwanda. Akasema kifungu hiki kikipita, wenye mali watafunga mizigo yao, na nani atawajibu wafanyakazi hao watakapokuja kulia mlangoni kwa mbunge wao? Wajumbe walitikisa vichwa kwa huzuni. Wengi wao wiki iliyopita walikuwa kwenye semina ya kuelimishwa juu ya kifungu hiki, katika hoteli nzuri kando ya maji, kwa gharama za kiwanda chenye hasara.

"Waheshimiwa, mteja wangu hajaona faida tangu aje hapa," alimaliza. "Amebaki kwa mapenzi tu."

Chujio akabonyeza kitufe.

Alisema naye atatoa mfano wa nyumbani. Mama yake ana duka dogo, na sabuni hiyohiyo anaiuza. Tuseme mama huyo kila jioni anachukua faida yote ya siku na kumpelekea shangazi mji wa pili, akidai jina la duka ni la shangazi. Afisa wa kodi akija, mama anafungua droo: tupu, nina hasara mwanangu. Na tukifuatilia kwa shangazi tunamkuta ni mama yuleyule, amebadilisha khanga.

Ukumbi ulicheka. Hata kaka mtu alitabasamu kidogo, maana mama aliyetajwa ni mama yake pia.

"Huyo mama yako tungemfanya nini?" aliuliza mbunge mmoja mwanamke aliyekaa mwisho wa meza, ambaye asubuhi nzima hakuwa amesema neno.

"Mama yangu hana shangazi wa namna hiyo, mheshimiwa. Alichelewa kulipa kidogo tu, na ofisi yangu imelipiga duka lake kufuli."

Kicheko kikakatika. Chujio akaona hapa ndipo pa kugonga. Alianza kutaja kiasi ambacho kiwanda kinalipa kisiwani, lakini neno halijafika nusu kaka yake akanyanyua mkono. Aliikumbusha kamati kwamba sheria inamkataza afisa wa kodi kutoa siri za mlipakodi hadharani bila ruhusa ya mlipakodi mwenyewe. Akitoa, anafukuzwa kazi na kushtakiwa.

Sheria hiyo ni kweli ipo. Aliyemsomesha Chujio sheria hiyo ni yeye huyo kaka.

Mwenyekiti alimtazama Chujio kwa huruma. Alisema hesabu za kiwanda zimekaguliwa na zina mihuri ya watu wakubwa, zinasema hasara. Kamati haiwezi kutunga sheria kwa dhana. Waende mapumziko, na akirudi na jambo analoruhusiwa kulisema, atasikilizwa. Wakirudi wanapiga kura.

"Jitahidi, binti," aliongeza.

Nje, kwenye korido ndefu yenye picha za maspika waliopita, kaka yake alimngoja karibu na dumu la maji ya kunywa.

"Hujambo, mdogo wangu."

"Shikamoo," alijibu Chujio, kwa kuwa ndivyo walivyolelewa, lakini aliitamka shikamoo ile kwa namna ambayo kaka hakupata nguvu ya kuitikia.

Kaka alimuuliza kama mama amefunguliwa duka. Chujio akasema bado. Yeye haruhusiwi kugusa faili la ndugu. Kaka akasema basi atalipa yeye, leo hii.

"Usilipe kwa hela ya sabuni."

"Hela ni hela. Na kodi ya nyumba anayokaa unadhani inatoka wapi?"

Kaka akaegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza akaonekana amechoka. Akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Kifungu kile anachokipigania dada yake, aliyekiandika kwanza ni yeye. Enzi za lile koti la kahawia. Alikaa na kukiandika mpaka macho yakavimba, akakileta katika jengo hili hili, na wakakifuta mbele yake huku wanamkaribisha soda.

"Nikakirudisha mwaka uliofuata. Wakakifuta tena," alisema. "Ukishafutwa hivyo unabaki na mambo mawili, kuwa kichaa au kuhamia upande wanaoshinda. Mimi nilikuwa na mama, nilikuwa na wewe."

"Usinibebeshe mimi, kaka."

"Sikubebeshi. Nakwambia tu usiumie. Nenda kale."

Chujio hakwenda kula. Alivuka barabara kwa hasira, akapigiwa honi, akaingia ofisi ya kodi kutafuta katika faili lake chochote anachoruhusiwa kukisema. Alipofungua mlango wa kitengo akakuta watu wanakula keki.

Keki hasa, yenye maua ya sukari. Mkuu wa kitengo mwenyewe ndiye aliyekuwa akikata. Huyu bwana jina lake la kazini ni Mzee wa Lengo. Kila mwezi wakubwa wanamwekea kiasi cha kodi cha kukusanya, ndilo lengo, na yeye hana dini nyingine. Wakilifikia, wafanyakazi wote wanapata pesa ya motisha. Wasipolifikia, mkuu anahamishiwa mahali ambapo mtandao unakamata juu ya paa.

"Chujio, njoo ule," aliita. "Tumelifikia. Redio wameshatangaza."

Chujio akashangaa. Jana walikuwa mbali kabisa na lengo. Yeye mwenyewe aliziona namba. Akauliza pengo limezibwa na nini.

"Tuna marafiki," alisema Mzee wa Lengo, akalamba kisu.

Wasomaji wangu, hili ndilo nililotaka mlijue leo, na nikilieleza damu inanichemka. Mwisho wa mwezi lengo linapokuwa halijatimia, mzee huyu hushika simu akayabembeleza makampuni makubwa yalipe sasa hivi kodi ya miezi ijayo, ambayo bado hayajadaiwa. Wanalipa, lengo linatimia, keki inaletwa. Nchi haijapata kitu cha ziada. Imekula tu cha kesho. Lakini mkuu anabaki na deni la fadhila. Na mtu mwenye deni la fadhila, faili la rafiki yake likimfikia mezani, anaweka kikombe cha chai juu yake.

"Rafiki gani, mkuu?"

"Sabuni."

Chujio alivuta kiti akakaa. Kodi ya mapato hukatwa kwenye faida. Anayelipa kabla ya wakati lazima kwanza aandike makadirio, kwamba mwaka huu natarajia faida kiasi hiki. Kompyuta haipokei hata senti bila makadirio hayo. Kwa hiyo kiwanda ambacho asubuhi hii kimeapa hakijawahi kuona faida, jana kilikaa na kuandika kwa mkono wake kwamba kinategemea faida. Na kwa ukubwa wa pengo lililozibwa, si faida ya kununulia karanga.

Alifungua kompyuta yake. Makadirio yalikuwepo. Akataka kucheka, akashindwa. Akataka kulia, akaona aibu mbele ya keki.

Mzee wa Lengo alikuja akasimama nyuma yake, akaona anachokiona, na kisu kikamshuka mkononi.

"Hiyo si faida," alisema kwa sauti ya chini. "Huo ni urafiki."

"Wameandika faida, mkuu."

"Kisanduku kinataka namba, wakaweka namba. Funga hicho kitu."

Akamweleza, kwa upole wa mtu aliyeingiwa na hofu, kwamba kiwanda kikiaibishwa kitadai hela yake irudishwe. Ikirudi, lengo limekufa. Lengo likifa, motisha hakuna. Alisema maneno hayo ya mwisho kwa sauti ya kutosha ili chumba kizima kisikie, na chumba kikasikia. Watu waliacha kutafuna.

Mwenzake wa meza ya pili, mama ambaye wanapeana chumvi na siri miaka yote, alimsogelea. Alimwambia paa la nyumba yake linavuja na mafundi wameshaitwa.

"Chujio, tuachie hii moja tu," alinong'ona.

Hapo ndipo palipomuuma. Adui akikuziba mdomo unajua pa kumpiga. Lakini hawa ni wenzake, wanamwomba kwa macho, keki mkononi. Alitamani kupiga kelele. Badala yake alimshika yule mama bega, akasema ataleta turubai la nyumbani kwake, akatoka.

Mzee wa Lengo akatoka mbio nyuma yake, makombo yakiwa kwenye tai.

Ukumbi ulikuwa umeshajaa. Wakati anavuka barabara Chujio alikuwa ameipata njia. Siri haruhusiwi kuitoa, sawa. Lakini hakuna sheria inayomkataza kuomba swali liulizwe. Na kaka yake yuko kwenye kiapo.

"Mheshimiwa mwenyekiti, sina siri ya kutoa," alisema. "Nina ombi. Kamati imuulize mshauri: je, mteja wake mwezi huu amelipa kodi ya mapato kabla ya wakati?"

Mkuu wake, aliyekuwa amejibanza viti vya nyuma, akafumba macho.

Kaka mtu alivua miwani. Akaifuta. Akanywa maji yote yaliyokuwa kwenye glasi. Nimekupata, alijisemea Chujio, na papo hapo akamhurumia, maana damu ni damu.

"Sina uhakika, mheshimiwa," alisema kaka taratibu. "Lakini namwona pale nyuma mkuu wa kitengo cha walipakodi wakubwa. Yeye anajua zaidi. Na kwa niaba ya mteja wangu, namruhusu aseme."

Chujio hakuamini masikio yake. Mlinzi mwenyewe amefungua geti. Alidhani kaka yake amechanganyikiwa.

Mzee wa Lengo alisimama, na sijui kama nimewahi kumwonea mtu huruma na kumchukia kwa wakati mmoja namna ile. Akisema wamelipa, marafiki zake wameumbuka. Akisema hawajalipa, basi lengo lililotangazwa redioni ni uongo, na yeye kesho anafunga mizigo kwenda kutafuta mtandao juu ya paa. Alitazama dari, akatazama viatu vyake. Akayafuta makombo kwenye tai.

"Wamelipa, mheshimiwa," alisema. Halafu, kwa fahari asiyoweza kuizuia: "Na lengo tumelifikia."

"Wamelipa juu ya faida wanayoitarajia?" aliuliza mwenyekiti.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kumbe faida ipo," alisema yule mbunge wa mwisho wa meza, akaweka kalamu chini.

Minong'ono ikatanda. Chujio aliketi. Alifurahi, jamani. Alifurahi kwa ajili ya kila siku aliyorudi nyumbani akakuta watoto wameshalala, na kwa ajili ya mume ambaye siku hizi habari za mkewe anaziulizia kwa majirani. Alimtazama kaka yake kuona ameipokeaje. Kaka alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

Mwenyekiti alisubiri ukumbi utulie. Akamshukuru afisa wa kodi kwa moyo wote. Akasema kazi hii inahitaji watu wa namna yake. Kisha akaegemea mbele.

"Waheshimiwa, mmesikia wenyewe, tena kutoka ofisi ya kodi. Tunaye mlipakodi anayelipa kabla hajadaiwa. Wangapi katika nchi hii wanafanya hivyo? Tumwadhibu mtu wa namna hii?"

Mjumbe mmoja, aliyerudi kutoka semina ile ya hotelini na pua iliyoungua jua, akanyoosha mkono. Ana marekebisho madogo, alisema. Kifungu kibaki chote jinsi kilivyo, ila kiongezewe mstari mmoja mwishoni. Mhudumu akaanza kugawa karatasi. Chujio akapokea yake, akasoma.

Kifungu hiki hakitamhusu mlipakodi yeyote aliyelipa kodi yake kabla ya wakati.

Akasoma tena. Mstari haukuwa umebadilika.

Alielewa yote kwa mkupuo. Kiwanda kitalipa kidogo mapema kila mwisho wa mwezi, mkuu wake atakata keki, na ile ada ya jina itaendelea kusafiri kwenda kisiwani na hakuna atakayeruhusiwa kuigusa. Kifungu kitabaki kwa ajili ya wale wasio na cha kulipa mapema. Wenye viwanda vya kujibana. Wenye maduka ya kufungwa kufuli.

Alibonyeza kitufe cha kipaza sauti. Hakikuwaka. Akabonyeza tena.

"Umeshatusaidia vya kutosha, binti," alisema mwenyekiti kwa upole. "Tupige kura."

Mikono ikapanda. Yule mbunge wa mwisho wa meza peke yake alikataa, akauliza kwa nini marekebisho haya hayakuletwa asubuhi, akaambiwa swali lake litaingizwa kwenye kumbukumbu. Kifungu kimepita. Na mkia wake.

Watu walianza kutoka wakipeana mikono. Mzee wa Lengo alipita mbio kuelekea ngazi, uso umemng'aa. Marafiki hawajaumbuka, lengo liko palepale. Chujio alibaki kitini akiishika ile karatasi. Ilikuwa imechapwa vizuri, nakala ya kila mjumbe, hata yake yeye, na kila moja imebanwa pini. Karatasi hizi hazikuandikwa baada ya swali lake. Zilikuwa zinalingoja.

Alimkuta kaka yake mbele ya lifti, peke yake, akitazama taa ya namba isiyosogea.

"Ulijua," alisema.

"Unadhani nani aliwashauri walipe mapema?"

Chujio alitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulinyanyuka.

"Ulijua nitayaona makadirio."

"Kusoma kuanzia nyuma nilikufundisha mimi. Nilijua utayaona kabla keki haijaisha." Hakulisema kwa majivuno. Alilisema kama mtu anayekiri ugonjwa. "Walitaka ofisi ya kodi yenyewe iseme kwamba wao ni walipaji wazuri. Ningesema mimi, nani angeniamini? Wewe kila mtu anakuamini."

"Kwa hiyo nilikuwa shahidi wenu."

Chujio akainua ile karatasi mpaka karibu na pua yake. Akamuuliza na mkia huu je, nao aliuandika yeye, kwa mkono uleule ulioandika kifungu?

"Hapana." Kaka akatikisa kichwa. "Mimi nilisema walipe tu, wapate jina zuri, kifungu kifutwe kama siku zote. Huo mkia nimeuona leo pamoja na wewe. Nimekiandika kifungu kile mara mbili, mdogo wangu. Nilijua watakifuta. Sikujua watakigeuza kiwapige akina mama."

"Nani kauandika?"

"Mwenye jina."

"Jina gani?"

"La sabuni. Ulidhani sanduku la posta halina mwenyewe? Ng'ambo wana hisa zao, lakini kuna za mtu wa hapa. Ndizo zinazolinda hizo nyingine."

Chujio alikuwa amelitafuta jina hilo kwa muda wote aliokaa na faili. Ameandikia kisiwa, kisiwa kikamjibu kwamba wenye mali ni siri. Sasa limesimama mbele yake katika mdomo wa kaka yake. Alimshika mkono wa koti.

"Niambie, kaka. Leo nakudai hili moja tu."

Kaka alitazama korido upande huu, akatazama upande ule. Akainama mpaka sikioni kwake, akavuta pumzi.

Lifti ikafunguka.

Ndani alisimama mwenyekiti wa kamati, kofia mkononi, na tabasamu lake lilelile la upole. Aliwatazama wote wawili, akautazama mkono wa Chujio ulioshika koti, akauliza kumbe wanafahamiana.

Kaka mtu akanyooka. Akarekebisha tai. Siku nzima ndani ya ukumbi alikuwa akimwita mzee huyu mheshimiwa, kama watu wote. Sasa alishusha kichwa, na neno lililomtoka lilitoka kwa mazoea, kabla hajaweza kulizuia.

"Ni mdogo wangu, bosi."

Mzee aliweka kofia yake kichwani, taratibu, akauzuia mlango wa lifti kwa mkono.

"Ingieni basi," alisema. "Tushuke pamoja."